Kunguru Kwenye Saba

...na bado hajafika hata kwa aliyeazimisha viti, Mwalimu Kunjumuhammed akishika kipaza sauti hakiachi mpaka kitoke jasho, ameshamkaribisha diwani, ameshamkaribisha padri, ameshamkaribisha katibu wa maktaba na katibu aliyemtangulia, kila jina lina sifa zake na kila sifa ina mkia, na Divakaran amekaa katikati ya jukwaa la shule, mikono juu ya fimbo yake nyeupe, pangaboi juu ya utosi wake linalia kwii kila likizunguka, linataka grisi, wenye macho hawalisikii kwa sababu wanatazama maua, hao ndivyo walivyo, wakipewa maua hawasikii kitu... tulia, Divakaran, zamu yako bado, kwanza makaribisho, halafu taa iwashwe, halafu uvishwe shali mabegani kama bwana harusi wa kukodi, halafu ndipo utakapopewa kipaza sauti useme neno moja mbele ya watu wote, ndiyo, neno ambalo jana ulilisema kibarazani kwako bila taabu na leo limekukaa kooni kama mwiba wa dagaa. Kushoto kwake yupo Prashob wa kampuni ya programu, ananukia marashi na karatasi mpya, jalada liko mapajani na vidole vyake havitulii juu yake, mtoto wa Kimalayali kama wao lakini aliyekulia mbali, mjini Bangalore, lugha ya kwao anaiongea kwa tahadhari kama mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto, mtoto mzuri lakini, ana adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Mwalimu, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Ukitajwa wewe sema ndiyo tu. Mengine niachie mimi."

Mengine niachie mimi, hayo ndiyo maneno yao, mengine niachie mimi, hivyo hivyo walisema na wale wa kwanza, wale walioleta kompyuta zenye kusema miaka ile Divakaran bado ana nywele, programu ya kufunga, mwenyewe peke yake ana ruhusa ya kuifungua, inawasomea wasioona kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa lafudhi ya mtu ambaye hajawahi kula wali kwa mkono, lakini ilisema, jamani, ilisema, na watoto wasioona wa darasa lake la historia wakafurahi mpaka mmoja akaomba alale nayo... mpaka asubuhi ya mtihani, Machi, joto la kukaangia papadam, watoto wameshakaa, vidole juu ya vibonye, na zile kompyuta zikanyamaza zote kwa pamoja, si kwamba zimeharibika, la, zilikuwa zinangoja ruhusa kutoka kwa mwenyewe, ile kampuni, na mwenyewe alikuwa ameshauzwa kwa mwingine, na yule mwingine yuko mji ambao huko ilikuwa bado usiku na simu yake inapiga muziki tu, na Ramla, Ramla mwenye sauti ndogo, akauliza, "Mwalimu, imenikasirikia?" ...hilo swali hajalijibu mpaka leo, utamjibu nini mtoto, utamwambia sauti uliyoizoea ni ya mtu na mtu huyo ameifungia ndani, na watu wengine wakifungua humo ndani waone ilichougua anawashtaki? "...na hatuwezi kumsahau," anasema Kunjumuhammed, "ndugu yetu aliyetupatia turubai," makofi, turubai limepata makofi, hewala, na turubai nalo lina haki yake.

Siku ile ndipo alipoapa kutengeneza sauti ambayo kila mtu ataweza kuifungua, kwenye kibanda cha chai cha Pappachan, na kibandani pale kila mtu anaapa kitu, maana huku kwao watu hugombana juu ya programu kama wanavyogombana juu ya uchaguzi, kuna wa programu huria, za kila mtu kufungua na kutengeneza, na kuna wa programu za kufunga, na kuna Pappachan ambaye hana kompyuta lakini ana msimamo, anasema chai yake ni huria, kila mtu anamwona anavyoipika na bado hakuna anayeiweza. Mwalimu Aleyamma wa hisabati ndiye aliyekuwa mwanasheria wa kampuni bila kulipwa, "Cha bure kikiharibika utamshika nani shati?" Na Divakaran akamuuliza, "Na kile cha kampuni kilipoharibika, dada, wewe ulimshika nani?" "Nilipiga simu." "Wakakwambia nini?" Kijiko kinagonga glasi, "Wakanipigia muziki." Kibanda kizima kilicheka, na Aleyamma mwenyewe akacheka, lakini hakukubali, hajakubali mpaka leo, na hapo, sema kweli Divakaran, hapo ana lake, kwa sababu cha huria nacho kina maudhi yake, watu hawalali wanabishana juu ya kitu kidogo kama punje ya haradali, anayejua hajibu, anayejibu hajui, ukiuliza maelekezo yako wapi unaambiwa yaandike wewe... lakini hakikunyamazii asubuhi ya mtihani. Kikinyamaza unakifungua mwenyewe, unatia mkono, na kama huwezi unamwita anayeweza, wala humwombi mtu ruhusa ya kukusaidia.

Basi akaitengeneza sauti yake huria, hakuwa mtu wa kompyuta, alikuwa mwalimu wa historia, akajifunza akiwa na mvi za kwanza, na sauti akaitoa yeye, hakukuwa na mwingine, aliirekodi kabatini, Omana mkewe akatundika sari zake zote humo ndani ili mwangwi ufe, na yeye katikati ya sari anatoka jasho kama anaoka, anatamka kipande kimoja kimoja cha lugha nzima, na namba, namba alizitamka neno zima zima, moja, mbili, tatu, akafika saba na kunguru akalia dirishani kwa jikoni, kunguru wa Omana, yule anayengoja matumbo ya samaki, na Divakaran hakumsikia, yeye mwenye kusikia grisi ya pangaboi, hakumsikia kwa sababu alikuwa anajisikiliza mwenyewe, anajipenda, na alipokuja kugundua sauti ilikuwa imeshasambaa. Kila inaposema saba, nyuma yake kwa mbali kuna kunguru. Kutoka Kasaragod kule kaskazini mpaka Thiruvananthapuram kule kusini, kila asiyeona anayesomewa kitu chenye saba anamsikia ndege wa jikoni kwa Divakaran, watoto waliita saba namba ya kunguru, na Omana alisema, "Si kunguru huyo, ni mama yako, amekuja kusikiliza unavyopiga domo kabatini," kwa sababu kunguru huyo alikuja siku ile ile waliyomwekea marehemu mama tonge za wali uani na kupiga makofi kuita kunguru waje wale, maana kwao wafu huja kula kwa sura ya kunguru, na ndege hawakuja... alikuwa yuko jikoni, anafuata samaki, mama hasa. Na Shailaja, fundi wa programu wa Kannur, ambaye hawajawahi kukutana hata mara moja, ambaye alifungua kazi yote ya Divakaran akaipekua kama mama mkwe anavyopekua jiko, akamwandikia, "Mwalimu, hapa umekosea, na hapa, na hapa pia umekosea, nimesharekebisha. Ila kunguru mwache." Divakaran alinuna siku ile. Alinuna kama Omana alivyonuna alipompa jirani namna anavyopika mchuzi wake wa samaki na jirani akarudi na bakuli, kaongeza ukwaju uliokaushwa kwa moshi, mtamu kuliko wa mwenyewe, na Omana akakaa siku mbili hasemi na mtu, halafu akaupika hivyo hivyo na hajarudi nyuma.

"...na kwa niaba ya wazazi wote, na kwa niaba yangu mimi binafsi," huyo Kunjumuhammed, bado yupo kwenye niaba, Mungu ampe pumzi... na jana, jana ndiyo iliyomponza. Prashob alikuja na kifaa chake kidogo, Omana alikuwa anakaanga dagaa, kijana akasema sikiliza tu, Mwalimu, usikilize halafu uniambie, akabonyeza, na sauti ikasoma gazeti la siku ile, habari ya mvua, na ilikuwa yeye. Ilikuwa Divakaran, lakini Divakaran aliyepumzika, Divakaran asiye na kikohozi, sauti inavuta pumzi mahali ambapo mtu huvuta pumzi, inashuka mwisho wa sentensi, karibu inatabasamu, na huko jikoni mafuta yakaendelea kulia peke yake kwa sababu Omana alikuwa ameacha kugeuza samaki. Ikasoma saba. Baada ya saba pakawa kimya, kimya kisafi kama sakafu iliyodekiwa. Na Divakaran machozi yakamtoka, hakuyaficha, mwanamume mzima, miaka yote watu wameiita sauti yake sauti ya bati, sauti ya ndoo, wamemwigiza kwenye harusi, na sasa anajisikia jinsi alivyokuwa akijisikia mwenyewe kichwani kabla hajawahi kurekodiwa, na Prashob akasema, "Itaitwa jina lako, Mwalimu. Sauti ya Divakaran." Jina lako. Hapo ndipo aliposema ndiyo. Sharti lilikuwa moja tu, na kijana alilisema vizuri, kwa upole, hakuficha kitu, ghala la programu yake, ambamo watu huleta marekebisho yao, ambalo ufunguo wake anao Divakaran, lifungwe, iliyokwisha kutoka basi imetoka, lakini kuanzia sasa kila kipya kitengenezwe ndani kwa kampuni na kibaki ndani kwa kampuni, na yeye asimame mbele ya watu atangaze kwamba hiyo ya zamani ameiaga. Mgeni alipoondoka Omana alirudi kwa samaki wake, wameungua, akasema, "Nzuri sana. Ila huyo siye wewe, huyo ni kaka yako aliyesoma Ulaya."

Hakucheka. Alilala vibaya, na asubuhi alijiambia, basi, umechoka, umebeba miaka mingi, wapishe wenye mafundi na mitambo, wasioona nao hawana haki ya kitu kizuri? lazima kila cha maskini kiwe na kunguru? ...na hilo ni swali la haki, asilipuuze, Aleyamma angelipigia makofi, kizuri ni kizuri hata kikiwa kimefungwa, na mtu anayesomewa dawa zake na sauti nzuri hajali msimbo wa programu unakaa wapi... mpaka asubuhi watakapoiuza kampuni. Mpaka muziki wa simu. Mpaka Ramla mwingine. Lakini Prashob ni mtoto mzuri, alivua viatu... na wale wa kwanza pia walikuwa watoto wazuri, walileta keki, wema wao haukuwafaa kitu, kwa sababu mtoto mzuri hana ufunguo, ufunguo unakaa juu, na huko juu hakuna aliyewahi kuvua viatu mlangoni kwa mtu. "Mwalimu," anasema Prashob sikioni, "bado wa viti na wa chakula, halafu taa na shali, halafu ni wewe," na kwa Divakaran mwiba hauendi, mkono wake unatafuta chupa ya maji na kukuta maua.

Na dirishani, upande wa lango, anamsikia Karthyayani. Hakosekani Karthyayani penye mkusanyiko, asiyeona kama yeye, muuza bahati nasibu, anaimba, droo ya leo, droo ya leo, leo leo leo, sauti ya kukata kuni, na Divakaran ana ugomvi naye wa siku nyingi, amewafundisha watoto miaka na miaka kwamba bahati nasibu ni kodi ya wenye matumaini, na Karthyayani akimjibu kila akipita, "Sawa Mwalimu, basi leo chukua moja tu ya kunikosoa." Leo kuna mwanamume naye pale langoni, sauti nzito, ana tambuu mdomoni, anasema, "Dada, hii imepata, nilipe nataka kuondoka." Divakaran anakaza sikio, anaujua huo mchezo, kila muuza tiketi asiyeona ameshachezewa, wanamletea tiketi iliyokwisha kufa na kumwambia imeshinda, naye anatoa pesa zake za siku nzima halafu jioni mwanaye anaiona tarehe... na mtu yeyote mle ukumbini angemsaidia, lakini wote wanamsikiliza Kunjumuhammed. "Lete niione," anasema Karthyayani. "Utaionaje?" anasema mwanamume, anacheka. "Wewe lete."

Mlio mdogo wa simu inayopiga picha, na halafu dirishani, juu ya ukuta, juu ya maua, inaingia sauti ya bati, sauti ya ndoo, sauti yake. "Nne," inasema. "Mbili." Divakaran ananyanyua kichwa. "Saba," na kunguru yule pale, kwa mbali, dirishani jikoni mwa Omana, "tano," na si yeye kabisa, kwa sababu inaimba, mtu ameivuta ile sauti akaipa mwendo wa wauza tiketi, zile namba za mwisho inazikokota kama wao wanavyozikokota, kwa lafudhi ya huko kaskazini, Divakaran hajawahi kuimba namba maishani mwake, "saba tena," inasema, na kunguru tena, halafu kwa upole, kwa sauti yake Divakaran ya kuwaonya wanafunzi, "Dada, tiketi hii ni ya mwaka jana. Mrudishie mwenyewe, na mwambie tumemjua." Watu wa langoni wanaangua kicheko. Na kwanza anakasirika, ndiyo, damu inampanda mpaka masikioni, nani, nani kaichukua sauti yake akaiuzia bahati nasibu, yeye, mwalimu, yeye aliyehubiri, wamemfanya mpiga debe, wamemwimbisha, hawakumwandikia hata mstari, hata salamu, mtu anafungua kifua cha mwenzake anachukua koo lake anaenda nalo sokoni... na katikati ya hasira hiyo anasimama, moyoni, hajui amesimamia wapi, kwa sababu anajisikiliza anavyosema hawakuniomba ruhusa, na maneno hayo ameyasikia mahali, ni ya wale wengine, ni ya wenye ufunguo. Hawakuniomba ruhusa. Kwani mlango ulikuwa na kitasa? Si wewe uliyeuacha wazi, Divakaran, si wewe uliyeapa kwa Pappachan mbele ya glasi za chai, afungue anayetaka, atengeneze anayetaka, ampe amtakaye? ulidhani watakaofungua ni walimu wa historia tupu? Kuna mtu huko, Kannur au popote, labda muuza tiketi, labda jamaa wa muuza tiketi, alikaa chini akafikiria kitu ambacho wewe mwenye sauti hukukifikiria miaka yote, kwamba maskini asiyeona anaibiwa kwa tarehe, na akaifundisha sauti yako kumtetea, na ikiwa ingekuwa ile nzuri, ile ya jana, ile iliyodekiwa, angegonga wapi? angemwandikia nani, angengojea muziki wa simu ya nani? na Karthyayani leo angekuwa ametoa pesa zake, na wewe ungekuwa umekaa hapa unavishwa shali.

"Aisee," anasema yule mwanamume wa tambuu, sasa anajichekesha, anatafuta pa kutokea, "simu yako kali kama polisi. Sauti ya nani hiyo?" Na Divakaran anajikuta ameinama mbele, fimbo imembana vidole, anangoja, anataka kusikia jina lake, haya, sema kweli, anataka, Mwalimu Divakaran wa Chelakkara, mtu na upara wake anangoja jina lake kama mtoto anayengoja peremende, na Karthyayani, ambaye anamjua, ambaye hugombana naye kila akipita, ambaye alikula kwenye harusi ya binti yake, anasema bila hata kufikiri, kama mtu aliyeulizwa kisima hiki cha nani, "Ya nani tena? Yetu."

Yetu. Na mwiba unashuka, anausikia unavyoshuka, na nyuma yake inapanda furaha kubwa mpaka inamlazimu afumbe mdomo isimtoke mbele ya diwani, kifua kimejaa, jana aliambiwa itaitwa jina lake na machozi yakamtoka, leo jina lake limesahauliwa hadharani na hajawahi kujivuna hivi tangu azaliwe, sauti yake iko langoni inagombana na matapeli, inaimba vibaya, kwa lafudhi ya watu asiowajua, ina kunguru, ina mama yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwomba ruhusa. "...na sasa," anasema Kunjumuhammed, anageuza karatasi, "tusimsahau kwa vyovyote vile ndugu yetu aliyetuazima viti," makofi, na Prashob anagonga jalada kwa vidole, anainama, marashi yake yanatangulia, "Mwalimu, tunakaribia. Uko tayari?" Divakaran anatafuta mkono wa kijana, anaukuta, anaupigapiga taratibu, kwa sababu ni mtoto mzuri na kosa si lake.

"Niko tayari. Ila nikitajwa nitasema hapana, usishtuke."

"Mwalimu, jana ulisema..."

"Jana nilikuwa nakupa kitu cha watu," anasema Divakaran, na pangaboi linalia kwii, na Kunjumuhammed bado yupo kwenye viti, anaeleza vililetwa na gari gani, na dereva alikuwa mtoto wa nani.